Bao la Mtumbwi wa Rubisi

Nilikuwa jikoni nachambua maharage, harufu ya rubisi ikanifuata huko. Nikaacha ungo. Nyumbani kwangu pombe haijaingia tangu nimzike mume wangu, na Isingiro nzima inajua hivyo. Lakini ile ilikuwa rubisi kabisa, rubisi ya zamani, ya ndizi zilizoivia shimoni na mtama uliokaangwa, na ilikuwa inatoka sebuleni, ambako mjukuu wangu Adventina alikuwa amejifungia tangu tutoke kanisani. Nikachukua mwiko.

“Nani ameingiza pombe humu?”

“Shikamoo bibi.”

“Marahaba. Nimeuliza pombe.”

“Pombe gani, bibi? Nacheza gemu tu.”

Adventina si mtoto. Anauza simu Kayanga, ana mshahara wake na maneno yake. Safari hii alikuja na mashine ya gemu ndani ya boksi, akaiunga kwenye televisheni na betri ya sola, akakaa kwenye zulia na pedi yenye vitufe mkononi, anakimbiza gari. Nilijua kuna neno jingine amebeba kutoka kwa baba yake, lakini alikuwa hajalisema, na mimi siombi maneno. Nikanusa pembe zote za chumba. Harufu ilikuwa inatoka chini ya mashine. Na chini ya mashine lilikuwa bao langu.

“Umeweka kitu cha moto juu ya bao la babu yangu?”

“Bibi, boksi linasema lazima ipate hewa chini, na zulia linaiziba. Nikaona ule ubao una mashimo. Nikasema, hapa hapa.”

Akavuta boksi, akaanza kunisomea ili nikubali. Memori yake ni kiasi gani. Inakula wati ngapi. Picha yake ni laini kiasi gani, wanacheza watu wangapi kwa pamoja, ikifika joto gani inajizima yenyewe, na pedi inatetemeka mkononi gari likigonga. Alisoma kama mshenga anayetaja sifa za bwana harusi. Nilimsikiliza mpaka mwisho na mwiko wangu mkononi, na ule ubao mkavu ulikuwa unapashwa moto taratibu na kutoa pombe iliyonywewa na watu ambao wote wako kaburini.

Ninyi wa umri wangu mtanielewa nikisema sikucheka. Mimi nilijua vipimo vya kitu cha kuchezea kabla sijajua kusoma, na kusoma kwenyewe sikukufikisha mbali. Vipimo vile ndivyo vilivyonipa hili jiko ninalochambulia maharage.

Babu yangu alikuwa na bao. Namaanisha lile la kwanza, siyo hili. Safu nne, kila safu mashimo manane, jumla thelathini na mbili. Mbegu zake sitini na nne, nyeusi, ngumu kama kokoto, za mmea wa porini ambao siku hizi siuoni tena. Ikipungua mbegu moja, hilo siyo bao tena, ni ubao wa kukalia. Kila mchezaji ana safu mbili za upande wake, anaanza na mbegu nne nne katika safu ya nyuma, anachota shimo moja na kutawanya, moja moja, akizunguka. Akipata nafasi anazoa za mwenzake na kuzitawanya kwake. Shimo lenye mbegu moja tu halichotwi, na anayebaki hana cha kuchota ameshindwa. Ni hivyo tu, na watu wazima walikuwa wanakaa juu ya hivyo tu tangu asubuhi mpaka ng’ombe wanarudi.

Lile bao lilikuwa jeusi kwa samli na mikono. Lilikuwa la babu wa babu yangu, na mashimo yalikuwa yamelainika mpaka mbegu zinateleza ndani bila kelele, kama zinaingia kwenye siagi. Babu alikuwa hashindwi. Watu walitoka mbali kuja kushindwa naye. Mimi nilikuwa napita na kibuyu cha maji, nachungulia, na kwa akili yangu ya utoto niliona jambo moja lililo wazi kabisa: wanaume wote wana mikono miwili na kichwa kimoja, kwa hiyo anayeshinda siyo babu. Linaloshinda ni bao. Liko nyumbani kwake, linamjua, linampendelea.

Mama yangu na mimi tulikaa katika kibanja cha babu, shamba lake la migomba lenye nyumba ndani, kwa neno lake. Baba alikufa nikiwa bado nabebwa mgongoni. Mama alikuwa na watu wake Bweranyange, lakini babu alisema mke wa mwanangu hatarudishwa kama mzigo uliokosewa, atalima hapa na mtoto atakulia hapa. Hakuna karatasi. Neno la babu ndilo lilikuwa paa letu. Na baba mdogo Eliasi, mdogo wake baba, aliyekuwa na mji wake Rugu, alikuwa halipendi neno hilo. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa haraka. Alikula haraka, alisali haraka, na alitaka mambo ya urithi nayo yaende haraka.

“Mzee akichoka, mji nitaushika mimi,” alimwambia mama siku moja, mama akiwa anampa maji ya kunawa. “Na wewe shemeji, kwenu siyo mbali.”

Mama alimmiminia maji mpaka yakaisha kwenye kibuyu.

Kisha babu akaanza kushindwa.

Kwanza alishindwa na jirani, watu wakasema ni bahati. Akashindwa tena. Akawa anakawia, anapapasa mashimo kwa vidole kabla ya kuchota, na wachezaji wanakohoa kwa kuchoshwa. Kulikuwa na mambo mengine pia. Alipita watu njiani bila kuwasalimu mpaka wao waseme kwanza, wengine wakaona amekuwa na majivuno uzeeni. Alimimina rubisi pembeni ya kata, mimi nikacheka nikidhani ananitania. Alianza kuniomba niende naye mpaka mgombani, akiniwekea mkono begani, akisema fimbo inamchosha. Nilijiona mkubwa sana. Nilitembea taratibu kama bibi harusi.

Siku iliyoharibu mambo, baba mdogo Eliasi alikuja na wenzake wawili kutoka Rugu, wakakaa na babu kwenye bao. Zamu ya babu ilipofika, akanyoosha mkono, akachota mbegu za Eliasi. Siyo kuzizoa kwa haki. Alichota shimo la mwenzake kana kwamba ni lake, akaanza kuzitawanya.

Watu wakainama kutazama ubao. Halafu mmoja akacheka, na mwingine.

“Baba,” Eliasi akasema, “hizo ni zangu.”

“Nilitaka kuona kama umelala,” babu akasema, akazirudisha. Akazirudisha pasipo pake.

Eliasi hakucheka. Alitazama wenzake, kisha akamtazama mama aliyekuwa mlangoni. “Mzee amekwisha,” akasema, na alisema kwa sauti ya mtu ambaye hata yeye imemuuma. “Akili imekwenda. Kahawa zikishakauka, tuite ukoo tuzungumze habari ya mji huu.”

Usiku ule sikulala kwa kuwaza, na nilichowaza hakikuwa na uhusiano wowote na akili ya babu. Niliwaza bao. Bao limechoka. Nilikuwa nimeona redio ya jirani ikififia, mwenyewe akitoa mawe yake ya betri na kuyaanika juani, na jioni redio inasema tena. Basi asubuhi nikalibeba bao, nikaliweka juu ya mkeka katikati ya kahawa, mashimo yakitazama jua.

Mama akanikuta. “Unaanika bao?”

“Limeishiwa nguvu, mama. Ndiyo maana babu anashindwa.”

Nilitegemea kofi. Mama alikaa chini pembeni ya mkeka, akaanza kugeuza kahawa kwa mkono, punje ambazo zilikuwa hazihitaji kugeuzwa.

“Tukiondoka hapa tutakwenda wapi?” nikamuuliza.

“Nenda kachote maji.”

Jua lilishindwa. Babu aliendelea kupigwa, na jirani mmoja akaanza kumwachia kwa huruma, jambo ambalo ni baya zaidi. Nikaona dawa ni moja tu. Bao likichoka kabisa linachongwa jipya, na likiwa na vipimo vilevile litakuwa na nguvu zilezile, changa. Nikalipima lile la zamani nikiwa peke yangu. Urefu, shibiri zangu tano. Upana, shibiri mbili. Kina cha shimo, kidole changu cha shahada mpaka fundo la pili. Mdomo wa shimo, ngumi yangu. Sikuandika mahali, nilikuwa navisema njia nzima nikienda kwa Bukuru, ili visinidondoke.

Bukuru alikuwa Mrundi aliyekuja kulima vibarua akabaki, akawa na kibanda chake chini ya shamba letu. Alichonga mipini, vinu na vijiti vya kila namna. Alikuwa na mikono mikubwa kama mikungu, na mdomo wa kutania watu.

“Bao?” akasema. “Wewe msichana unataka bao? Utaota ndevu.”

“Siyo langu. Ni la babu.”

“Babu analo.”

“Limechoka.”

Akaweka chini mpini aliokuwa anachonga. “Mti uko wapi?”

Hapo nilikuwa nimejiandaa. Nyuma ya nyumba kulikuwa na mtumbwi wa rubisi. Msiotoka kwetu msifikirie maji: ni gogo lililochongwa tumbo, ndizi mbivu zinamwagwa humo pamoja na nyasi, wanaume wanaingia kwa miguu na kukanyaga mpaka juisi itoke. Mtumbwi ule babu aliukanyaga ujana wake wote. Ulikuwa umepasuka, unavuja, na Eliasi alikuwa amesema upasuliwe kuni.

“Mbegu sitini na ngapi?” Bukuru akauliza, akigongagonga gogo kwa shoka.

“Mbegu zipo. Nataka mashimo thelathini na mbili. Urefu shibiri tano, upana mbili, kina mpaka hapa,” nikamwonyesha kidole, “na mdomo ngumi moja.”

“Ego, mama mkwe,” akaitika ndiyo kwa Kirundi chake. “Na malipo?”

“Nitapalilia maharage yako.”

Nilipalilia mpaka kiuno kikaota moto. Aliponiita kwamba bao limekwisha, nilikimbia, nikalitazama, nikakaa chini nikalia. Lilikuwa kubwa kama mlango. Mashimo yalikuwa mapana na marefu, mtoto angeweza kunawa uso ndani yake. Ubao wenyewe haukuwa sawa: upande mmoja ulikuwa mnene, upande mwingine umeliwa na miaka ya visigino vya watu mpaka ukawa mwembamba kama kifuniko. Na lilinuka pombe.

“Umeharibu vipimo!”

“Nimeharibu? Shibiri tano, hizi hapa.” Akatandaza kiganja chake juu ya ubao, mara tano, barabara. “Ngumi moja.” Akazamisha ngumi yake shimoni, ikakaa. Kisha akachukua mkono wangu akauweka juu ya wake, ukapotea kama jani juu ya mgomba. Akacheka mpaka akashika mti. “Ungesema shibiri za nani, mama mkwe!”

Nililibeba hivyohivyo, kichwani, nikiwa na hasira. Babu alikuwa peke yake barazani, mama yuko shambani. Nikaliweka mbele yake. Alinusa kwanza.

“Hili gogo nalijua,” akasema. “Nimelikanyaga kwa miguu hii.”

Akaingiza vidole. Mashimo yalimpokea mkono wote. Akagonga shimo la kwanza kwa ukucha, akagonga la pili, akaenda hivyo mpaka mwisho wa safu, akarudi. Upande mnene ulitoa sauti nzito, na kadiri alivyokwenda upande mwembamba sauti ilipanda, ikawa kali. Hakuna shimo lililosema kama mwenzake. Babu akainua uso, akacheka peke yake, kicheko ambacho nilikuwa sijakisikia tangu masika.

“Leta mbegu. Kaa hapo mbele.”

“Mimi ni msichana, babu.”

“Nimekuuliza?”

Kwetu mwanamke alikuwa hakai kwenye bao. Nikakaa, nikitazama njia kama mwizi. Akanifundisha kwa maneno machache, tukaanza. Kwenye lile bao la zamani mbegu zilikuwa zinateleza kimya. Kwenye hili zililia. To, to, ti, ti. Babu alikuwa hatazami ubao, uso wake ulikuwa umeelekea mikahawa, miti yetu ya kahawa. Mimi nikachota, nikatawanya, nikaondoa mkono.

“Fungua kiganja,” babu akasema. “Umebakiza moja.”

Nikafungua. Mbegu ilikuwa imenasa kwenye jasho, sikuwa na habari nayo. Nikaitazama, kisha nikamtazama babu, bado ameelekea mikahawa. Na mkono wake begani kwangu, rubisi iliyomwagika, watu wasiosalimiwa, vyote vikaja kukaa mahali pamoja.

“Babu. Huoni?”

Akapitisha kiganja juu ya mashimo. “Jua naliona. Kama liko nyuma ya shuka.”

“Kwa nini husemi?”

“Nikisema leo, kesho watasema kipofu hashiki mji. Na ninyi mtalala wapi?” Akagonga ubao. “Tawanya hiyo uliyobakiza. Na mdomo wako uufunge.”

Niliufunga. Kila mchana mama akienda shambani tulikaa. Mimi nilikuwa nacheza vibaya na kushindwa vizuri, yeye alikuwa anajifunza sauti za mashimo kama mtu anayejifunza majina ya watoto waliozaliwa akiwa safarini. Lakini mwaminini mtoto kwa ujinga wake: bado niliamini ni nguvu za bao jipya. Nilidhani limeingia ndani ya masikio yake.

Kahawa zikakauka. Ukoo ukaja Jumapili baada ya ibada, wanaume barazani, wanawake upande wa jikoni, na mimi katikati kwa sababu nilikuwa nabeba rubisi. Mkubwa wa kikao alikuwa mzee Rwabigene, binamu yake babu, mtu mfupi asiyependa maneno marefu. Eliasi alisimama akaeleza. Mzee hatambui watu. Mzee anamwaga pombe chini. Mzee alichota mbegu za mwenzake mchana kweupe. Yeye anaomba, kwa heshima, ashike kibanja, babu akaishi naye Rugu apate kutunzwa, na shemeji arudi kwao Bweranyange na mtoto, wasibaki bila mwenyewe.

Nikamwona mama mlangoni mwa jiko. Alikuwa ameshika kisu cha kumenyea ndizi na hakuwa na ndizi.

“Mwenyewe unasemaje?” Rwabigene akamuuliza babu.

“Nasema Eliasi akae,” babu akasema. “Akae hapa mbele yangu. Mjukuu wangu, leta bao.”

Nikaleta hili. Watu wakaanza kucheka lilipotokea, kubwa vile, linanuka vile.

“Hilo siyo bao!” Eliasi akasema. “Hilo ni hori la ng’ombe. Baba, tucheze lako lile la siku zote.”

“Unaogopa ubao?”

“Siogopi. Hili ni la mchezo wa watoto, limechongwa na kibarua.”

Rwabigene akanyanyua mkono. Akainama, akapitisha kidole juu ya mashimo, midomo ikicheza. Akamwaga mbegu kwenye kofia yake akazihesabu nazo. Sikuwahi kuogopa hesabu namna ile. “Mashimo thelathini na mbili,” akasema. “Mbegu sitini na nne. Ni bao. Chezeni.”

Wakapanga nne nne. Eliasi akaanza, kwa haraka yake, akazimwaga mbegu kama anayelisha kuku, zikalia zote kwa pamoja. Nikaona kidole cha babu kikisimama hewani.

“Rudia,” babu akasema. “Bao halimwagwi. Moja moja.”

“Zimeingia zote, baba.”

“Moja moja, Eliasi,” Rwabigene akasema. “Mzee anasema kweli. Ulifundishwa na nani?”

Akarudia. To, to, to, ti. Babu akachota.

Sitawasimulia mchezo wote. Nitasema tu kwamba kicheko kilikwisha mapema, kisha wakaanza kusogea, kisha wakawa wamesimama wamezunguka, na babu uso wake uko kwenye mikahawa wakati wote. Eliasi alitokwa na jasho. Alijua kucheza, msidhani alikuwa mbumbumbu, Rugu kule alikuwa hana mpinzani. Alipunguza haraka, akafikiri, akazoa za babu nyingi sana kwa mkupuo mmoja, mimi nikafumba macho. Babu akasikiliza zikilia moja moja upande wa pili mpaka ya mwisho. Akanyoosha mkono bila kupapasa, akachota shimo la pembeni, lile jembamba lenye sauti kali kuliko yote, akazunguka, akazoa, akazunguka tena, akazoa. Alipoinua mkono, safu za Eliasi zilikuwa na mbegu moja huku, moja kule, hakuna cha kuchota.

Wanawake jikoni wakapiga kigelegele kabla ya kuambiwa.

“Sasa nisikilizeni,” babu akasema. “Eliasi amesema nilichota shimo lake. Ni kweli. Sikuliona. Sioni shimo, sioni Eliasi, mkono wangu huu siuoni. Macho yamekwenda. Lakini mbegu zake zote nimemhesabia hapa mbele yenu, na migomba yangu nitamhesabia nayo akitaka. Kibanja nakijua kwa miguu. Pa kuona, mke wa marehemu mwanangu ataona kwa ajili yangu. Anabaki. Na mtoto anabaki.”

Eliasi alinyanyuka, akapunga mkono mbele ya uso wa baba yake, taratibu, kama mtu anayefukuza nzi.

“Acha kunipungia,” babu akasema. “Nasikia upepo.”

“Baba. Kwa nini hukuniambia?”

“Ungesemaje?”

Kwa mara ya kwanza katika maisha yake Eliasi hakuwa na haraka ya kutafuta jibu. Alikaa. Rwabigene akavaa kofia yake. “Habari ya mji imekwisha,” akasema. “Kuna rubisi au hakuna?” Nikakimbia jikoni. Mama alikuwa amegeukia ukuta, mabega yanacheza. Nikamwachia ukuta wake, nikachukua kibuyu mwenyewe.

Babu aliishi miaka mingi baada ya hapo, akanikabidhi bao mimi, msichana, watu wakasema wakachoka. Siku hizi nasikia watu wakisema chombo si kitu, mtu ndiye kila kitu. Wanasema hivyo ambao vyombo vyao havijawahi kuwakataa. Akili ya babu ilikuwepo hata kwenye bao la zamani, na lile bao lilimfanya mwendawazimu mbele za watu. Kilichomrudisha ni mti mwembamba upande mmoja na mashimo ya mikono mikubwa. Utoto wangu ulikosea mambo mengi, hilo halikukosea.

Hayo yote nilimweleza Adventina nikiwa nimesimama na mwiko. Alikuwa amezima gari lake. Ndipo akatoa neno alilokuja nalo.

“Bibi, baba amesema nikuangalie. Kuhusu macho. Anasema kama yamefika hapo, uje Mwanza ukae naye.”

Ni kweli, nina mtoto wa jicho kushoto, na kulia kunaanza ukungu. Nilichukua ile pedi mkononi mwake nikamwambia awashe gari, nikaligongesha ukutani makusudi. Pedi ikatetemeka viganjani mwangu kama kifaranga.

“Hii kutetemeka imeandikwa kwenye boksi?”

“Imeandikwa, bibi.”

“Aliyeiandika ana akili.” Nikamrudishia. “Sasa toa mashine yako hapo. Nje kuna matofali mawili, iweke juu yake, itapata hewa. Lete hilo bao, na mbegu ziko kwenye kopo la kahawa.”

Ubao ulikuwa bado una joto. Nikampangia nne nne, nikamfundisha kwa maneno machache, na nikageuza uso wangu kuelekea mlangoni, ambako mikahawa iko. Adventina akachota, akatawanya kwa woga, to, to, ti, akaondoa mkono.

“Fungua kiganja,” nikamwambia. “Umebakiza moja. Na baba yako mwambie umeniangalia.”